Pikipiki ya Baba Haiuzwi kwa Kilo

Nyumbani kwa mama yake Pindo, panya hana mlango. Kila tundu ukutani limezibwa kwa soksi, na ndiyo maana ukoo mzima hutembea mguu huu wa bluu, ule wa kijivu, kama watu waliovalia gizani. Pindo mwenyewe, fundi cherehani aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna upindo uliowahi kumshinda, alishazoea. Asubuhi hiyo hakuwa na habari na soksi. Alikuwa amechuchumaa stoo mbele ya pikipiki ya marehemu baba yake, grisi hadi viwikoni, na getini mkokoteni wa vyuma chakavu ulikwisha kufika.

"Makubaliano ni makubaliano, dada," alisema kaka yake, muuza nyama, ambaye kwa macho alishalipanga friji lake jipya mle stoo. "Ikinguruma kabla mkokoteni haujaondoka, yako. Isiponguruma, inaondoka nao."

"Friji lako litalala nje, kaka. Lizoee baridi."

Mnunuzi wa vyuma alitundika mizani yake kwenye geti. "Mimi sina haraka," alisema. "Chuma hakichachi."

Pindo alikuwa amefanya kila linalofanyika. Pistoni iling'ang'ania, akaimiminia oili kupitia tundu la plagi, akaiacha mpaka ikalegea yenyewe. Petroli ya zamani iligeuka gundi. Akaimwaga, akafungua kabureta, akazibua vijitundu vyake kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo. Plagi sasa ilitoa cheche kali. Tangi lilikuwa na petroli mpya.

Akapiga kiki. Puh! Ikakohoa, ikazima. Akapiga tena. Puh.

"Ina kifua hiyo," kaka alisema. "Ipelekwe hospitali."

"Au mochwari," mnunuzi akadakia.

Pindo akacheka nao. Aliyekwisha kuchekwa na dunia hujifunza kuwahi kujicheka. Lakini moyoni aliungua. Juu ya tangi lile ndipo baba alipokuwa akimpakia utotoni, akimwachia ashike usukani: "Usiogope kelele, mwanangu. Kelele ndiyo uhai wake." Leo uhai huo upimwe kwa kilo?

Akapiga kiki hadi goti likalia. Kisha akasita. Cherehani ikikataa kushona hulikomoi kanyagio. Unatafuta uzi umekwama wapi. Mafuta yanaingia. Moto upo. Je, moshi unatoka? Akaweka kiganja nyuma ya ekzosi.

"Kaka, hebu piga wewe. Nyama unauza, na nyingine umejiwekea."

Kaka akapiga. Kiganja hakikusikia hata pumzi ya mbu.

Pindo akainua kichwa polepole. "Mama!"

Mama akachungulia stoo. "Nini tena?"

"Pikipiki hii ilipowekwa humu, uliiziba nyuma?"

"Sasa niliache tundu lote lile wazi, panya wazalie humo?"

Kaka aliketi juu ya ndoo bila kutaka. Pindo akakunja ncha ya waya ikawa kulabu, akauingiza, akavuta. Ikatoka soksi ya kahawia, ngumu kama ngozi ya ngoma. Akarukia kiti, akapiga kiki. Pikipiki ikabwabwaja kama mtu anayesema na tonge mdomoni, kisha ikanyamaza.

"Hiyo moja," mama akasema. "Soksi ni mbili."

"Lakini mama, wewe huziba kwa mojamoja!"

"Hizo ni za baba yenu." Mama akatazama pembeni. "Sikuweza kuzitenganisha."

Pindo akashika usukani. "Kaka, toka hapo nyuma ya ekzosi."

Hakutoka. Kiki moja, mlipuko mmoja, na soksi ya pili ikachomoka ikamkumba kifuani. Nyuma yake ikafuata ngurumo! Nzito, nene, isiyokatika. Mabati yakatetemeka, mizani ikacheza getini, moshi mweupe ukamfunika muuza nyama asionekane. Sauti yake tu ilisikika ndani ya moshi, ikipiga kelele kama mtoto: "Imeamka! Dada, imeamka!"

Ni yeye aliyekimbia kufungua geti, na ni yeye aliyeusukuma mkokoteni usizibe njia.

Mama akaokota soksi zote mbili, akazikung'uta, akazikunja pamoja, akapanda nyuma ya bintiye.

"Twende," alisema. "Na usiniendeshe polepole. Baba yako hakuwa na tabia hiyo."