Fundi Mapipa Aliyesema Ndiyo

"Utaigonga hiyo pete mpaka ipasuke?" Mercy aliuliza, amesimama mlangoni mwa karakana na shali kichwani. "Watu wamejaa kanisani. Wanakusubiri wewe."

Eliphalet Thorne aliendelea kugonga pete ya pipa ambayo ilishakaa zamani. Alikuwa amerudi jana kutoka Boston. Mji wa Hadlow ulikuwa umenyoosha mikono na kumtuma kwenye mkutano wa jimbo la Massachusetts akaseme neno moja tu, hapana, ili ile katiba mpya ya kuyaunganisha majimbo yote isipite. Naye, mbele ya umati wa watu, akasema ndiyo.

"Wataniita msaliti."

"Wameshakuita. Kaka yangu ndiye aliyeanza. Haya, vaa koti!"

Kaka yake Mercy, mkewe Eliphalet, aliitwa Jotham. Baridi ya mwaka jana, wakulima walipoasi, askari waliuvunja mlango wake bila hati yoyote, wakapekua mpaka kitanda cha watoto. Kwa hiyo aliapa kwamba Eliphalet akiikubali serikali kubwa kuliko ile iliyowatuma askari hao, mapipa yake ya pombe ya tufaha atayapeleka kwa fundi mwingine. Na pale Hadlow, ukimnyima fundi ndugu yako mapipa yako, umemtoa kwenye ukoo.

Kanisani hamkuwa na moto. Jotham alisimama kabla hata mwenyekiti hajaketi.

"Shemeji, tulikupa hapana. Umeidondosha njiani?"

Watu wakaangua kicheko. Eliphalet alihisi masikio yanawaka.

"Sikuidondosha. Nilikaa nayo mpaka ikanichosha. Nikasimama, nikawauliza wale mabwana wa mawigi: huyo rais wenu akiwa na jeshi, nani atalizuia lisivunje milango ya watu? Wakanijibu kwamba madaraka yamegawanywa: wa kutunga sheria mbali, wa kutawala mbali, wa kuhukumu mbali, kila mmoja amchunge mwenzake. Nikasema vizuri, lakini ulinzi wa mlango wa mtu sijauona humo. Tukabisha wengi, siku baada ya siku. Mwisho wakakubali ndiyo yetu iende pamoja na madai ya marekebisho, haki za mtu ziandikwe waziwazi."

"Na wasipoziandika?"

"Basi utanisimanga mpaka tuzeeke. Lakini tukiliacha kila jimbo na ugomvi wake, haki ya huo mlango tutamdai nani? Mimi fundi, najua mbao zisizo na pete..."

"Usituletee mapipa hapa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka tena, safari hii kwa upole kidogo.

Jotham peke yake hakucheka. "Uliutaja mlango wangu? Kule Boston, mbele ya wale wakubwa?"

"Niliutaja. Na kitanda cha watoto."

Jotham akavaa kofia yake, akatoka.

Mwenyekiti alipouliza nani anataka Eliphalet akemewe, mikono michache tu ilinyooka. Watu walimpa mkono wakaenda zao. Lakini Eliphalet hakuona raha, kwani aliyemtaka ampe mkono alishaondoka.

Asubuhi alikuwa akichonga ubao aliposikia kitu kinabingirika kwenye theluji. Jotham aliingia akihema, akisukuma pipa kwa mguu.

"Linavuja," akasema. "Usidhani nimekubali."

"Sijadhani, shemeji."

Eliphalet akapitisha kiganja kwenye kila kiungio. Palikuwa pakavu, na pete zilikaza kama alivyozipiga mwenyewe. Nusura acheke.

"Loo, linavuja vibaya," akasema. "Litanichukua siku nzima hili. Kaa hapo karibu na moto."

Jotham akavuta kigoda, akanyoosha miguu. Mlango alikuwa ameuacha wazi nyuma yake, theluji ikipeperukia ndani, na hakuna kati yao aliyeinuka kuufunga.