Salamu Zilizofika Kawe

Kama kuna kompyuta iliyodekezwa Temeke nzima mwaka ule wa tisini na tisa, basi ni ile ya Isack Kamugisha. Viatu mlangoni, hata uwe diwani. Mashine yenyewe ililala chini ya kitambaa cha kudarizi alichokituma mama yake kutoka Bukoba, na kila asubuhi Tabu Fakihi, mpiga chapa wake, alikifunua, akaifungua ubavuni na kuipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, taratibu, kama unavyompuliza mtoto aliyeingiwa na mchanga machoni. Kisha akatoa kile kimpira cha mausi na kukifuta kwa spiriti. Umeme ukichezacheza kidogo tu, Isack alipiga kelele kutoka chumba cha nyuma: "Zima kwa utaratibu, dada Tabu! Usichomoe!"

Na disketi ndiyo usiseme. Hakuna disketi ya mteja iliyoingia mle bila kukaguliwa kwanza. Siku moja wakala mmoja wa mizigo kutoka Kurasini aliambiwa disketi yake ina virusi, akawaka. "Virusi mie? Nina mke na watoto, bwana, nichungie heshima yangu!" Tabu alicheka mpaka akajishika mbavu. Ikabidi Isack amkalishe yule bwana kwenye kiti na kumweleza kwamba hata mashine huumwa.

Huyo Tabu sasa. Kabla ya kompyuta alikuwa mtu wa redio. Si mtangazaji, la, mtuma salamu. Nyie mliozaliwa juzi hamuwezi kujua hiyo ilikuwa na maana gani. Alinunua kadi, akaandika jina lake, alipo, anaowasalimu na mahali walipo, mmoja mmoja, akaituma redioni, halafu akakaa na redio sikioni. "Mimi Tabu Fakihi, Mama Vishindo, nikiwa Tandika karibu na sokoni, namsalimu Bi Eufrazia wa Mtoni Mtongani, nyuma ya msikiti..." Jina lake likitajwa mtaa mzima ulipiga vigelegele, na yeye akatembea siku hiyo shingo juu. Sheria ya watuma salamu ilikuwa moja: ukisalimiwa, lazima urudishe, na umsalimie mtu pamoja na mahali alipo. Salamu zisizo na mahali ni sawa na kupiga kelele hewani. Hazifiki.

Mwaka mmoja nyuma aliacha, na aliacha kwa sababu ya mdogo wake.

Najat, mdogo wake wa tumbo moja, aliolewa na Twaha, dalali wa magari ya Dubai, mwanamume msafi, mnukia uturi, mkono mwepesi kama nini. Alimpiga mkewe akiwa na mimba, mimba ikatoka. Akampiga tena kwa sababu imetoka. Najat alipokimbia, Twaha alisimama mlangoni kwa Tabu, hakupayuka hata kidogo, akasema, "Talaka sitoi. Na uso ule ulionitia aibu, nikiupata, hakuna mwanamume mwingine atakayeutazama." Tabu alimwamini. Ukimwona mtu anasema neno kama hilo huku anajifuta kiatu vumbi, lazima umwamini. Kwa hiyo Najat akafichwa Kawe kwa shangazi yao, Bi Mwanaheri, mjane, dada wa marehemu baba, upande wa pili wa jiji kabisa. Waliojua walikuwa watatu: Tabu, shangazi, na Najat mwenyewe. Na Tabu akaifunga redio. Temeke nzima inasikiliza redio. Siku moja ulimi ungeteleza, akamtaja. Akasema bora nife na kiu yangu.

Sasa niambieni, mtu mwangalifu kama huyu utamlaumu vipi? Mie simlaumu. Yaani namlaumu, halafu roho inanisuta.

Ikaja intaneti. Isack aliunganisha kompyuta na simu ya mezani, ule mlio wa ajabu ukalia, na mlango ukafunguka. Wateja walikuja kutuma barua kwa watoto wao walio Ulaya. Mchana, Isack anapokwenda kula, ofisi ilikuwa ya Tabu peke yake, na hapo ndipo alipolikuta Baraza la Nyumbani. Lilikuwa ukumbi wa Watanzania walio nje. Unaandika neno lako, linabaki pale, mwingine anajibu. Mtu yuko Uswidi anaulizia bei ya pweza soko la Feri. Mwingine yuko Kanada analia baridi.

Weee! Tabu alihisi kama amerudishiwa roho. Akaandika vilevile alivyozoea: "Mimi Tabu Fakihi, Mama Vishindo, nikiwa Tandika karibu na sokoni, nawasalimu wote mlio ughaibuni. Ujumbe: tunawakumbuka." Wakamjibu watu wengi mno. Wakamwita dada, wakamwita mama, wakasema akiandika wanasikia harufu ya vitumbua. Akawa malkia tena, na safari hii hofu haikuwepo, maana alijisemea, Tandika nani ana kompyuta? Jirani zake hata simu hawana. Huku ni mbali. Huku ni kwa watu wa baridi.

Isack alimkuta siku moja anacheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Akainama, macho makali.

"Dada Tabu, umefungua faili lolote waliloambatanisha?"

"Hapana, kaka Isack. Naongea na watu tu."

"Ah, watu hawana shida," Isack akasema, akajinyoosha. "Mradi usifungue faili."

Akaenda zake kuangalia kama stabilaiza ya umeme imepata moto.

Miongoni mwa waliomzoea Tabu alikuwepo mmoja aliyejiita Mtoto wa Tandika. Alisema yuko Uarabuni, kibarua, hajarudi nyumbani miaka. Huyo ndiye aliyemkuna Tabu palepale panapowasha, maana aliijua kazi ya salamu. Alikumbuka redio. Alimwandikia kwa mpangilio wenyewe, jina, mahali, ujumbe, na kumsalimia yeye, na Bi Eufrazia wa Mtongani, na kila mtu ambaye Tabu aliwahi kumtaja, bila kuruka hata mmoja. Watuma salamu wa hivyo walikuwa wameshakwisha. Tabu alimrudishia kila mara, kwa heshima.

Siku moja akaandika: "Mama Vishindo, wewe hukuzaliwa peke yako. Mbona hutusalimii wadogo zako?"

Tabu alikaa akitazama yale maneno. Akajibu: "Ninaye mdogo wangu wa kike. Namsalimu popote alipo."

"Popote alipo ni wapi?" likaja jibu kesho yake. "Mama Vishindo mzima anatuma salamu za hewani? Au nchi yetu imebadilika kiasi hicho? Sie tulio mbali tunafurahi tukisikia jina la mtaa, tunafumba macho tunaona."

Alaa! Ilimchoma. Wengine nao wakadakia, kumtania: salamu za Mama Vishindo siku hizi hazina anwani. Tabu akasikia haya, haya kabisa, ya mtu aliyekamatwa anapunja mizani. Na kulikuwa na jambo lingine humo moyoni. Mwaka mzima hajalitaja jina la mdogo wake mbele ya watu. Najat naye alikuwa amekonda huko Kawe, hatoki nje, anakaa kama mtu aliyekufa na kusahauliwa. Tabu alitaka atajwe. Atajwe mahali, hata kama ni kwa watu wa baridi, asikike kwamba yupo.

Vidole vikaandika: "Mimi Tabu Fakihi namsalimu mdogo wangu kipenzi Najat, aliye Kawe, nyuma ya kiwanda cha zamani cha nyama, kwa shangazi yetu Bi Mwanaheri muuza bagia. Ujumbe: vumilia mdogo wangu, dada yako nipo."

Akabonyeza. Akakaa akitabasamu, machozi yakimlengalenga, kisha akafunga kila kitu kwa utaratibu kama alivyofundishwa na kurudisha kitambaa juu ya mashine.

Wiki ile Mtoto wa Tandika alikuwa kimya. Ya pili vilevile. Tabu akadhani labda kibaruani kumembana.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi alipofungua Baraza na kukuta jina lake. Akafurahi, maskini. Akasoma: "Nawasalimu wote. Nimerudi nyumbani salama, nipo Dar. Shukrani za pekee kwa Mama Vishindo kwa kunielekeza. Leo nakwenda kumsalimia Kidoti kwa mkono wangu."

Kidoti. Najat ana doa dogo jeusi chini ya jicho. Hakuna binadamu aliyewahi kumwita Kidoti ila mmoja.

Tabu alisimama, kiti kikaanguka, akachomoa waya wa kompyuta ukutani kwa mkono mmoja, kama vile kwa kufanya hivyo yale maneno yatakatika yasifike. Isack akatoka nyuma mbio. "Umefanya nini? Unaniulia mashine!" Akamwona uso, akamshika bega.

"Kawe," Tabu akasema. "Kaka Isack, nipeleke Kawe, nakuomba, anakwenda kumuua."

Walikwenda na pikapu ya Isack, Tabu akiwa bila viatu, amevisahau mlangoni. Njiani alimweleza kwa vipande vipande, na Isack kila mara akirudia, "Lakini ungeniambia. Ungeniambia." Angemwambia nini? Yeye mwenyewe aliyesema watu hawana shida.

Nje kwa Bi Mwanaheri palikuwa na watu. Watu wengi wakiwa kimya Jumamosi asubuhi si dalili njema. Karai la bagia lilikuwa limepinduka, mafuta yameingia mchangani. Shangazi alikuwa kakaa chini kizingitini, miguu kainyoosha, khanga imemteremka kichwani wala hana habari.

"Shikamoo shangazi," Tabu akasema, maana mdomo ulijiendea wenyewe.

Bi Mwanaheri hakuitikia. Alimnyooshea karatasi. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, safi, na Tabu hakuhitaji kuisoma. Mimi Tabu Fakihi namsalimu mdogo wangu kipenzi.

"Sikumjua," shangazi akasema. "Alikuja na kofia na miwani, kwa adabu, shikamoo bibi. Nikamwambia hapa hakuna Najat. Akanipa hii, nikamwita mtoto wa jirani aisome. Nikasikia maneno yako, Tabu. Yale yale ya redioni, namna yako ile ile. Nikasema huyu katumwa na dada yake. Mimi mwenyewe nikamwita, Najat, njoo kuna mgeni." Akaanza kujipiga mapaja. "Mimi mwenyewe nikamwita!"

Alikuja na maji ya betri ndani ya chupa ya juisi. Alimwagia usoni, akaiweka chupa chini vizuri karibu na jiko, akapanda gari akaondoka. Polisi walimtafuta bandarini na uwanja wa ndege. Hakuonekana, na mpaka leo hajaonekana.

Jumatatu Isack alikaa mbele ya kompyuta yake tangu ilipowaka, anatafuta namna ya kuyafuta yale maneno. Aliweza kusafisha mashine yake mpaka ikawa kama jana imetoka kiwandani. Ya Barazani hakuweza. Yalikuwa mikononi mwa mwenye ukumbi, Uswidi huko, naye hakujibu, na chini ya maneno yale watu walikuwa wameendelea kumjibu Mama Vishindo kwa furaha: asante dada, nimeiona Kawe yote, msalimie sana Najat.

Hospitali walimruhusu Tabu kuingia siku ya tatu. Najat alikuwa amefungwa bendeji kichwa chote, pamebaki pua na mdomo. Daktari alishasema jicho moja limekwenda na la pili asiliahidi mtu. Tabu akakaa pembeni ya kitanda, akaukamata mkono, ule mkono ukatulia tu, haukushika wala haukujitoa.

"Ungeniambia tu umechoka kunificha, dada," Najat akasema polepole, kwa midomo iliyovimba. "Ningehama."

"Wallahi sikuchoka! Najat, nisikilize. Mie sikumwambia yeye. Naapa kwa kaburi la mama, yeye sikumwambia."

"Alikuwa na maneno yako."

"Niliwaambia watu. Kwenye kompyuta, kuna mahali watu wanasalimiana, watu wa mbali tu, watu wazuri..."

"Watu gani?"

Tabu akafungua mdomo awataje. Kulikuwa na Mnyamwezi wa Barafuni. Kulikuwa na Mpenda Pweza, na Binti Sayari. Miezi yote ile kasalimiana nao, na hakumjua hata mmoja kwa jina alilopewa na mama yake. Akalia, akilaani vidole vyake, akiomba samahani mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama.

Najat alimwacha alie. Alipotulia, akauvuta mkono wake taratibu akauweka juu ya kifua chake mwenyewe.

"Nenda nyumbani, dada," akasema. "Na nakuomba usimwambie mtu nipo wodi gani."