Mkate wa Hewa

Waheshimiwa wasomaji, mimi ni binti wa mwoka mikate, na bwenini kwetu cheo hicho ni kikubwa kuliko cha dada mkuu. Kila muhula nilirudi shuleni na mkate mrefu wa Baba uliofungwa kwa kitambaa cheupe, na kila muhula niliupiga mnada. Nilipanda juu ya kitanda, nikakohoa kama jaji, nikatangaza: "Kipande hiki, mabibi, kimeokwa kwa kuni na kwa heshima. Nani atanifulia soksi?" Kwa njia hiyo niliingia kidato cha tatu bila kujua sabuni inanukaje.

Siri ya mkate ule ilikuwa dole gumba la Baba. Akishautoa tanurini aliuacha upoe kidogo, akaubonyeza mgongoni, akaachia, akautazama. Ulibonyea, kisha ukajiinua taratibu mpaka alama ikafutika. "Unapumua," Baba alisema. Usiojiinua hakuuuza. Tuliula wenyewe kimya kimya, kama familia iliyofiwa.

Likizo hii nilikuta tanuri la nyuma ya nyumba linatoa moshi mwembamba, wa aibu. Nikamwuliza Mama kama siku hizi tunaoka biskuti.

"Nenda kamsalimie baba yako," Mama akasema. "Na huo mdomo uuache hapa."

Unga wa ngano ulikuwa umepanda, mafuta yamepanda, kuni zimepanda. Kitu pekee kilichogoma kupanda ni kipato cha watu wa mtaa wetu. Baba alipoongeza bei, wateja wakaanza kununua nusu. Alipoongeza tena, wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, wakitazama mawingu kama watabiri wa hali ya hewa. Hata Mama Cherehani, fundi nguo jirani yetu, aliyekuwa akichukua mkate wake kila asubuhi tangu sijazaliwa, alikuja akasimama mlangoni tu.

"Leo huchukui, jirani?" Baba akamwuliza.

"Nimekuja kunusa, Fundi. Kunusa bado ni bure, au nako umeshakuwekea bei?"

"Nusa tu. Ila usivute sana, utanimalizia."

Wakacheka. Baba akamkatia kipande, naye akakataa, akasema tumbo limejaa, akaondoka akijifuta macho kwa utepe wa kupimia nguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake.

Lilibaki tumaini moja. Mwenye duka kubwa la kona alikuwa anatafuta mtu wa kumpelekea mikate kila asubuhi. Alimwambia Baba alete mikate aione. Akiipenda, kazi ni yake. Sharti lilikuwa moja tu: bei isizidi ya mikate ya kiwandani. Baba asipoipata kazi ile, tanuri linazimwa. Hilo lilijulikana kwa kila mtu nyumbani.

"Nunua makopo madogo ya kuokea, Baba Mheshimiwa," Mama alisema. Mheshimiwa ni mimi. Ni jina la utani nililopewa kwa sababu ya hotuba zangu.

"Mkate usiovuka mdomo wa kopo si mkate. Huko ni kuomba radhi."

"Basi punguza unga."

"Nikipunguza unga, kopo halijai."

"Basi punguza msimamo," Mama akasema, akaenda kuanika nguo.

Baba alikaa muda mrefu juu ya gunia la unga lililobaki. Kisha akainuka, akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alipima unga pungufu, akaongeza maji, akaongeza hamira, akafunika makopo, akauacha uumuke kupita kawaida yake, ili hewa ijaze pale ambapo unga haukufika. Sisi shuleni mbinu hii tunaijua vizuri. Ndiyo tunayojazia kurasa za insha.

Nawaapia, uliumuka! Ulivuka midomo ya makopo, ukavimba kama mbunge aliyerudishwa bungeni. Nilimwita Mama aje aone, na hata yeye akatabasamu. Baba hakutabasamu. Aliweka kiganja juu ya donge moja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Umepitiliza," akasema.

"Lakini ni mzuri, Baba."

"Ni mzuri, ndiyo."

Akauingiza tanurini. Ilitoka mikate mirefu, myepesi, ya kupigwa picha. Tukaipanga kwenye trei na kuifunika kwa kitambaa cheupe. Tulipokuwa tunatoka getini ndipo nilipogundua kitu, nikatamani nisingekigundua. Baba hakuibonyeza. Hata mmoja.

Mwenye duka alitupokea kwa furaha, akatutafutia nafasi kaunta, akafunua kitambaa. "Aisee, Fundi! Bado umo!" Akachukua mkate wa kwanza, na kwa sababu ni mteja wa siku nyingi aliyeizoea tabia ya Baba, akaubonyeza kwa dole gumba. Dole likazama. Mgongo wote wa mkate ukafuata, ukanywea polepole, ukatoa pumzi ndogo kama mzee anayeketi. Akajaribu wa pili. Akajaribu wa tatu. Hakujaribu wa nne.

"Fundi," akasema kwa upole, na ule upole ndio uliotumaliza, "mimi nimekula mkate wako tangu nikiwa kijana wa kubeba magunia. Huu si wako."

Baba angeweza kuinamisha kichwa na kukubali. Angeweza kusema kuni zilikuwa mbichi.

"Ni wangu," akasema. Akaufunika kwa kitambaa.

Njiani hakuna aliyezungumza, na mimi ukimya huwa unaniwasha. Nikainua sauti ya mazishi: "Ndugu wafiwa, tumekusanyika kumsindikiza marehemu, aliyeishi kwa hewa na kufa kwa kidole..."

Baba akacheka. Akacheka sana, kile kicheko chake cha mabega. Kisha mabega yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Aliniachia trei, akageukia ukuta wa nyumba ya watu, akajifunika uso kwa kitambaa cheupe. Mimi, mwenye hotuba ya kila tukio, nikasimama nimeshika mikate.

Siku hizi Mama anaweka ndoo ndani ya tanuri. Baba amepata kazi kiwandani: mashine inakanda, mashine inaoka, yeye anatia mikate kwenye mifuko ya plastiki. Anasema kazi si ngumu. Anasema hivyo hata asipoulizwa.

Siku ya kurudi shuleni alinisindikiza kituoni akiwa bado amevaa kofia yake ya kazini. Akanipa mkate ulio ndani ya plastiki, wenye picha ya ngano na jina la watu wengine.

"Ukiupiga mnada, Mheshimiwa, usiseme ni wangu."

"Nitasema ni wa balozi, umekuja kwa ndege."

"Haya. Sema ni wa balozi." Akanivuta sikio, akaondoka haraka, akiwahi zamu.

Bwenini wenzangu walinizunguka hata sijafungua sanduku. "Mnadi! Mnadi! Safari hii umeokwa kwa kitu gani?" Nikapanda juu ya kitanda. Nikakohoa kama jaji. Nikauinua mkate juu, taa ikaumulika, nikaona.

Mgongoni, chini ya plastiki, palikuwa na shimo moja la ukubwa wa dole gumba. Alikuwa ameubonyeza. Aliusimamia kule kiwandani, katikati ya kelele za mashine, akausubiri ujiinue, nao haukujiinua.

"Mheshimiwa, tunasikiliza!"

Nikashuka kitandani. "Hauuzwi," nikasema.

Walicheka, wakidhani ni mbinu ya kupandisha bei. Mimi nikachukua soksi zangu, nikaenda bombani kuzifua, na sikujua pa kuanzia.