Changamoto ya Kifua

Jana, usiku wa kuamkia mazishi ya mdogo wangu Ambilike, niliota turubai la msiba wetu limechipua masikio.

Yalikuwa makubwa kama majani ya magimbi, yakining'inia kila upande. Hakuna aliyeshangaa. Mama mkubwa alikuwa anapita na kitambaa cha maji akiyafuta, wageni wasije wakayakuta machafu wakatusema.

Ambilike alipigwa risasi ya kifua barabarani, mchana kweupe, siku vijana walipokaa chini kuzuia matrekta yasiingie bondeni kwetu. Kijiji kizima kilikuwepo. Lakini kikao cha ukoo kikaamua kwamba mimi, dada yake mkubwa, nitakaposoma wasifu wa marehemu nitasema, "Alipata changamoto ya kifua." Basi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwenye ndoto nikasimama kusoma. Kipaza sauti kikakohoa kwanza.

"Pole na msiba, dada," kikasema. "Mimi ni wa kukodi tu, na nina watoto. Naomba tusitajane majina."

"Una watoto?"

"Si hizo spika mbili hapo."

Nikazitazama spika. Zilikuwa zimefanana naye kweli. Niliporudisha macho tukawa darasani, darasa la nne, waombolezaji wote wamebanana kwenye madawati na jeneza liko mbele pale anapokaa mwalimu. Baba mdogo Asajile ameshika kifutio. Ubaoni pameandikwa kila kitu kilichotokea, kwa mwandiko mzuri.

Anafuta neno "risasi". Tundu la kifuani kwa Ambilike linajifunga. Anafuta "askari", na buti zinasikika zikiondoka koridoni, polepole, bila wasiwasi wowote. Anafuta "bonde", na bonde lenyewe linaondoka na maharage ya mama yangu.

"Sasa na maharage?" mama anauliza.

"Shemeji, tunawalinda watoto waliobaki," anasema baba mdogo, akipangusa vumbi la chaki kwenye koti.

Hasira ikanipanda mpaka kichwa kikaniuma. Tunawalinda na nini, kama hata aliyekufa hatuthubutu kusema kafaje? Kesho wakija kwa mwingine, si tutafuta tena? Nikavuta pumzi niyaseme hayo kwa sauti. Nikajisikia nasema, "Na chai je, imewatosha wageni?"

"Imetosha," wakajibu wote kwa pamoja.

Hapo jeneza likafunguka, Ambilike akaketi. Amevaa shati lake la bluu.

"Dada, mimi humu nafanya nini?"

"Umekufa, Ambi."

"Nimekufa na nini?"

Nikatazama ubao. Mweupe kwa chaki iliyofutwa, hauna hata herufi. "Changamoto ya kifua," nikamwambia.

Akajipapasa. "Mbona kizima?" Akatoa mguu mmoja nje ya jeneza na kuuliza kama kuna uji.

"Rudi ulale, mwanangu," mama mkubwa akamwambia, akimsukuma bega kwa upole. "Tumeshachinja ng'ombe. Usituaibishe mbele za watu."

Mlangoni akaingia mzee mwembamba mwenye suti iliyochakaa. Akapewa dawati la mbele na soda, kama wanavyopewa wageni rasmi. Akasimama bila kuitwa.

"Naitwa Changamoto," akasema. "Maji hayatoki, naambiwa ni mimi. Watoto wanakaa sakafuni shuleni, mimi. Mama kafia njiani na uchungu wa kuzaa, mimi. Nimenyamaza. Sasa na kijana huyu?"

"Vumilia, mzee wangu," kipaza sauti kikamnong'oneza.

"Sivumilii! Mimi tangu nizaliwe sijashika bunduki. Mnanisingizia kwa sababu mnajua mimi siwezi kuja kumgongea mtu mlango." Akaiweka soda mezani, hajaionja, akatoka. Hakuna aliyemsindikiza. Baba mdogo akaichukua ile soda akanywa.

Ambilike alikuwa bado amekaa, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Dada, sikia. Mtu hawezi kulala bila kuambiwa kilichomlaza. Lisemeni mara moja tu, nife vizuri."

Nafungua mdomo. Masikio yote ya turubai yapo ukutani sasa, na yananigeukia. "Ali..." nasema. "Alipa..." Ulimi unakataa. Natamani kuung'oa niutupe.

Ambilike hakunigombeza. Akavuta pindo la kanga yangu, akafunga kitu kwa fundo, vile mama alivyokuwa akitufungia hela akitutuma dukani.

"Wewe ulikuwa hupotezi," akasema. Akarudi ndani, akajilaza, akajifunika mwenyewe, huku mama mkubwa akimshukuru kwa adabu yake.

Nikaamka. Kumekucha. Nje kuna mtu anajaribu spika, "Moja, mbili, moja, mbili," na harufu ya moshi wa kuni inaingia dirishani. Baba mdogo anagonga mlango.

"Umeamka, mwanangu? Maneno ni yale yale tuliyokubaliana, eti?"

"Nimeamka, baba."

"Uyakariri vizuri. Kuna wageni kutoka wilayani."

Kanga niliyojifunika niliianua mwenyewe jana jioni, nikaikunja pembe kwa pembe. Haikuwa na fundo. Sasa inalo, kwenye pindo, limekazwa kwa nguvu za mwanaume. Nikalibonyeza. Ndani kuna kitu kigumu, kama punje ya hindi, ila ni kizito kuliko punje yoyote niliyowahi kushika.

Sikulifungua. Nimejifunga kanga yangu kiunoni, fundo likae mbele. Nitalifungua kule kule kwenye kipaza sauti, kwa meno, wageni wa wilayani wakiwa wameketi.