Uso wa Siwema

Siku ile nilikuwa na hasira na kila mtu, wasomaji wangu, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Asubuhi tulikuwa na kikao cha kumchangia mdogo wangu Siwema, mwalimu wa darasa la pili, mwenye kansa ya damu na binti wa miaka minne, Raya. Dawa za hapa zimeshindwa. Kuna hospitali ng'ambo inayojaribu tiba mpya. Wamekubali kumpokea, lakini nafasi yake ni mpaka mwisho wa mwezi, nao mchango umesimama. Mjomba Mhina, mwenyekiti wetu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Chausiku, tangazo lako lina picha ya harusi. Amependeza hivyo, nani atasadiki kuwa anaumwa? Tutafutie picha inayouma." Wenzangu wakaitikia, nami nikaitikia. Nikarudi nyumbani nikamkuta Siwema amelala, kitambaa kimemvuka kichwani, upara wazi, mdomo wazi. Nikasimama mlangoni nikampiga picha kama mwizi. Halafu nikajilaza kwenye mkeka wa barazani, simu kifuani, nikijiambia nitaituma kwenye grupu nikishapumzika kidogo. Joto la Muheza saa tisa mchana si la kubishana nalo. Hata viatu sikuvua.

Nikajiona natembea katika nchi isiyo na kivuli, ardhi yake laini kama unga wa muhogo, na barabara imejaa watu wa kwetu wote wakielekea upande mmoja. Mbele yao alikimbia bwana mmoja asiye na visigino, hawezi kusimama hata akitaka, anapuliza filimbi na kupiga kelele, "Twende, twende! Tutaulizana tukifika!" Nikajua bila kuambiwa kuwa huyo ni Haraka. Tulikuwa tumebeba kitanda mabegani, nami nimeshika mguu wake mmoja, na kilichokuwa juu yake sikukiona kwa sababu kimefunikwa shuka. Tukafika kwenye bonde refu lisilo na mwisho wa chini, na ng'ambo yake ikasimama nyumba nyeupe yenye madirisha mengi, yote yamefunguliwa kana kwamba yanatungoja. Daraja halikuwapo. Pembeni ya bonde alikaa mama mnene, mzuri wa sura, macho ameyafumba kabisa, na kila chozi lililomdondoka lilipogusa ardhi liligeuka ubao. "Mimi Huruma," akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Nipeni nipapase. Nipeni kinachouma, nanyi mtavuka."

Mjomba Mhina akafunua shuka. Wallahi nilitaka kukimbia: juu ya kitanda hapakuwa na mtu, palikuwa na uso wa Siwema peke yake, umebanduliwa, mdomo wazi vile vile nilivyoupiga picha. Huruma akaupapasa kwa vidole, akalia, jamani, akalia mpaka mbao zikapangana zenyewe na daraja likaanza kuota kuelekea kwenye ile nyumba nyeupe. Watu wakashangilia, nami nikashangilia, machozi yananitoka kwa furaha. Ndipo nikamsikia mwanamke mwembamba aliyekaa chini nyuma yetu, anashona kanga iliyochanika, wala hakuinua kichwa. "Na mwenye uso huo mmemwacha wapi?"

Nikageuka. Siwema alikuwa mbali kule tulikotoka, anapapasa hewa kwa mikono, na pale palipokuwa na uso hapana kitu, pamekuwa laini tu. Raya akampita ubavuni, akaja mbio kunivuta gauni. "Mama mkubwa, mama yuko wapi?" Nikamwonyesha. Mtoto akatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Yule siye." Siwema akasikia, akasimama pale pale.

Nikamgeukia yule mshonaji kwa ukali wangu wote. "Wewe ni nani hata unisute? Ulitaka mdogo wangu afe kwa adabu, si ndiyo? Daraja hulioni?"

"Mimi Staha," akasema taratibu, sindano inaendelea. "Nilikuwa nakaa kwenu, mmenitoa leo asubuhi. Daraja nimeliona, na sikuzuii kulijenga. Hata huyu Huruma hufumbua macho akipewa kitu na mwenyewe, na akimwona mtu haishii kulia, humshika mkono akavuka naye. Nakuuliza jambo moja tu, Chausiku. Huo uso ulipewa?"

"Alikuwa amelala."

"Basi mwamshe."

Nikashtuka usingizini, jasho linanitiririka. Simu ilikuwa imeniangukia ubavuni, picha sijaituma. Nikaingia chumbani nikamkuta Siwema macho, nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwonyesha, nikamwambia nimemkosea.

Akaitazama sana. "Mdomo wote huo, dada? Kuku angeingia akatagia humo." Mimi sikuweza kucheka. Akaniuliza, "Ungeituma?"

"Ningeituma."

"Wazazi wa wanafunzi wangu wangeiona?"

"Wangeiona."

Akalia, na tangu augue sikuwahi kumwona akilia. Ndipo nilipoelewa nilichoonyeshwa: miezi miwili tumemkalia vikao, tumemsemea, tumemwombea kwa jina lake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye anataka tuseme nini. Akajifuta macho kwa kiganja. "Ifute." Nikaifuta. "Sasa niinue, uwashe video, nitasema mwenyewe. Na lile neno lako la 'atapona' ulitoe kwenye tangazo. Daktari hakusema hivyo."

Nikampangia mito mgongoni. Akavua kitambaa kwa mkono wake, akanyoosha shingo. "Mimi ni mama wa Raya," akasema. "Dawa ninayoifuata bado inajaribiwa, huenda isinifae kitu. Nataka kuijaribu, kwa sababu mwanangu ana miaka minne, na nikiondoka sasa hatakumbuka hata sauti yangu. Naogopa sana jambo hilo. Naomba mnisaidie."

Nililia kwa kwikwi. "Imetoka vizuri?" akauliza. Nikaangalia. Sikuwa nimebonyeza.

"Chau wewe!" Akaegemea mito, akafumba macho, kifua kinapanda na kushuka, nami nikadhani basi, nguvu zimemwishia kwa uzembe wangu. Nilitaka kumwambia tuache mpaka kesho. Akafumbua macho, akanionyesha kwa kidevu nibonyeze, safari hii akahakikisha kwa kuniuliza mara mbili.

"Naitwa Siwema," akaanza upya. "Niko macho, na nimekubali mnione."