Mti wa Miavuli Mitatu

Siku mume wake alipohama, fundi alikuwa kibandani kwake sokoni akipunguza suruali ya mtu kiuno. Aliporudi nyumbani jioni alikuta mlango uko wazi, na kila hatua aliyopiga ikamrudia kutoka kwenye kuta. Makochi hayakuwepo. Kabati halikuwepo. Mapazia yalikuwa yameondoka pamoja na fimbo zake. Hata mti wa Krismasi wa plastiki, uliokuwa ukilala juu ya kabati ndani ya boksi lake miezi kumi na moja kwa mwaka, nao ulikuwa umepakiwa. Picha zilikuwa zimeshushwa zote, ikabaki misumari na alama za mraba pale rangi ilipokuwa haijafifia. Katikati ya sebule, juu ya kiti cha mbao cha jikoni, alikuwa ameketi mama mkwe wake, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Amesema atanifuata akishatulia," mama mkwe alimwambia.

Fundi akauliza mtoto yuko wapi. Akaambiwa yuko chumbani, amejifungia, hajalia. Basi akavua viatu, akaenda jikoni kuangalia kama sufuria zimeachwa.

Huo ulikuwa mwezi wa tisa. Mpaka Desemba inaingia, mume alikuwa bado hajatulia. Alikuwa wakala wa bima, amehamia upande wa pili wa mji kwa mwanamke mwingine, na kila alipopiga simu alisema chumba cha mama bado kinapakwa rangi. Mama mwenyewe alikuwa mstaafu wa posta. Miaka thelathini alikaa nyuma ya dirisha akigonga mihuri, na maneno alikuwa akiyatoa kwa kipimo, kama stempu. Miaka kumi waliyoishi nyumba moja, yeye na mkwe wake hawakupendana wala hawakuchukiana. Walipishana tu, kama magari kwenye njia nyembamba. Sasa walikuwa wamebaki wawili, na mtoto wa kike wa miaka tisa, ndani ya nyumba yenye mwangwi.

Wiki ya kwanza ya Desemba wifi alikuja, dada wa mume. Alikuwa hajakanyaga pale tangu kaka yake ahame. Alikataa kukaa, na kweli pa kukaa palikuwa hapatoshi. Akazungusha macho ukutani, akavuta pumzi, kisha akaeleza alichojia. Mwaka huu Krismasi itakuwa kwa kaka. Mama atapelekwa, na mtoto atapelekwa akaone Krismasi ya maana.

"Wewe wifi yangu pumzika tu," alisema. "Mwaka huu hakuna anayetegemea kitu kwako."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yalichoma. Matusi fundi alikuwa ameyazoea sokoni, yalimwingilia sikio hili yakatokea lile. Lakini huruma ya kumsukuma mtu nje ya mlango wake mwenyewe, hiyo hakuwa ameizoea. Akajibu kabla hajafikiri.

"Krismasi itakuwa hapa. Anayetaka kuiona, njia anaijua."

Wifi akaziangalia tena kuta, akatabasamu, akaaga. Mlango ulipofungwa mama mkwe alikohoa. Mmeza mfupa huliamini koo lake, akasema, na yeye angependa kuliona hilo koo. Fundi alidhani anadhihakiwa. Akageuka kumjibu, akakuta bibi yule amekwisha kuinuka na anahesabu misumari ukutani kwa kidole. Ilikuwa kumi na minne.

Sokoni, kibanda cha fundi kilipakana na cha Mama Mabelo, mwanamke wa sauti kubwa aliyekuwa akifungua mabelo ya mitumba kila Jumatatu. Katika kila belo kuna vitu visivyo na mnunuzi: tai za kiume, magauni ya harusi ya watu wa mbali, sweta zilizoliwa na nondo. Mama Mabelo alivirundika nyuma ya kibanda, na mvua ikinyesha vilitumika kuziba matope. Fundi akamwomba lile rundo. Alipoulizwa la nini, akasema anapamba nyumba. Mama Mabelo alimtazama kama anayetazama mwenye homa, kisha akalisukuma gunia kwa mguu. Achukue, akamwambia, ila yakimshinda asimrudishie.

Ndani mlikuwa na gauni la harusi lenye mkia mrefu kuliko chumba, limemwagikiwa chai kifuani kana kwamba bibi harusi alishtuliwa na jambo. Fundi alilitandaza sakafuni, akashika mkasi, mkono ukasita. Yeye pia aliwahi kuvaa la kwake. Akamfikiria kidogo yule mwanamke asiyemjua, akamtakia heri huko aliko, akakata. Sketi ilitoa mapazia ya madirisha mawili, lesi ikaning'inia chini, na waya wa kufungia mabelo ukawa fimbo.

Tai zilikuwa zaidi ya mia. Nyekundu, kijani, za rangi ya dhahabu, za madoadoa, mbili zina picha za mbwa. Mama mkwe aliketi chini miguu ameinyoosha, akazichambua kwa rangi na kwa urefu, akazifunga mafungu kwa kamba kama barua za kupelekwa mitaa tofauti. Kazi ile ilimfungua mdomo. Alisimulia habari za wanaume waliokuwa wakija dirishani na tai kama hizi shingoni, kutuma pesa kwa wanawake wasiokuwa wake zao, na jinsi alivyokuwa akigonga muhuri kwa nguvu ili waruke kidogo. Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Miaka kumi, na alikuwa hajui kwamba bibi huyu anachekesha.

Waliziunganisha tai ncha kwa ncha, zikawa mnyororo mmoja, wakauzungusha sebule nzima wakiutundika kwenye misumari aliyoiacha mume. Kila alama ya picha kwenye kuta ikapata kitambaa chake, na msumari hata mmoja haukukosa kazi.

Ukabaki mti. Nyuma ya soko kulikuwa na muuza vyuma chakavu aliyeitwa Daktari, kwa sababu alipenda kusema hakuna chuma kinachokufa mikononi mwake. Kwake fundi aliokota mifupa ya miavuli mitatu, mmoja mkubwa wa kivuli cha dukani, mmoja wa mtu mzima na mmoja wa mtoto. Kisha akaona chuma cha kutundikia dripu, cha hospitali iliyofungwa, bado kina magurudumu yake manne. Daktari alimbadilishia vyote kwa kuwekewa zipu mpya kwenye jaketi na viraka kwenye ovaroli mbili. Akamsaidia hata kuifunga ile miavuli kwa waya kwenye chuma, mkubwa chini, mdogo juu, yote imeinamisha mbavu. Fundi alifumua sweta nne za kijani, akazungushia uzi kila ubavu, akatundika vifungo vya kung'aa kutoka kopo lake la kazini. Ulipokamilika ulifika karibu na dari.

"Huu ni mti kweli," mama mkwe alisema. "Ukichoka kukaa sebuleni unakuja wenyewe jikoni."

Mtoto hakucheka. Aliporudi kutoka masomo ya ziada ya likizo siku hiyo alisimama mlangoni, begi bado mgongoni, akauliza kwa nini wameleta kitu cha wagonjwa ndani. Kesho yake akarudi amevimba macho. Alikuwa amemsimulia rafiki yake, rafiki akawasimulia wengine, darasa zima likamwuliza mti wao unaumwa nini. Akasema anataka kwenda kwa baba. Kule kulikuwa na mti wa kweli, ule wao.

Fundi alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na mengi yangekuwa juu ya baba yake. Aliyameza.

"Utakwenda," akamwambia. "Baba yako ni baba yako."

Akarudi kwenye cherehani, akakanyaga pedali kwa nguvu kuliko lile pindo lilivyohitaji. Mama mkwe akamletea chai. Hakumfariji. Alimwuliza tu kama wanaushusha ule mti au wanaendelea. Fundi akasema wanaendelea, hata kama watakaa wawili wakiutazama.

Mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, mume alifika na gari. Alibisha hodi, jambo ambalo lilimshangaza fundi, kisha akaingia bila kungoja kuitikiwa. Akasimama. Aliyatazama mapazia, akaufuata mnyororo wa tai kutoka kona hadi kona, macho yakatua kwenye mti. Akacheka.

"Nyumba umeigeuza duka la mitumba," alisema.

"Ndiyo kazi inayotulisha," fundi akamjibu. "Mtoto yuko tayari. Nguo zake ziko kwenye mkoba wa bluu, na dawa ya kikohozi iko mfuko wa pembeni."

Mume alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ulipokosekana akabaki hajui mikono aiweke wapi. Akamgeukia mama yake, akamwambia waondoke, foleni isije ikawa ndefu. Mama yake alikuwa kwenye kile kiti cha mbao, ambacho siku hizi kilikuwa na mto wa vipande vya sweta. Hakuwa na mkoba mapajani.

"Mimi siendi," alisema.

Mume alidhani hakusikia vizuri. Akaeleza kwamba chumba kimekwisha, rangi imekauka, dada amepika tangu jana. Mama akasema amesikia. Ndipo mume akashusha sauti, akasogea karibu. Akamwomba afikirie watu watasemaje, mtu mzima kumwacha mama yake mzazi kwa mwanamke aliyeachana naye.

"Waseme," mama akamjibu. "Si ndivyo ulivyofanya?"

Mume akaangalia saa yake, mama akaendelea.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile ulibeba kila ulichokiona kina maana. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, nikiangalia vinavyotoka. Kochi limetoka, picha zimetoka, fimbo za mapazia zimetoka. Mimi ukanipita mara nane. Nilihesabu. Basi nilikuelewa. Na ile friji uliyoibeba jikoni niliinunua mimi kwa kiinua mgongo changu. Irudishe, hiyo ndiyo zawadi ninayoitaka."

Fundi alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa mkononi. Mume alimtazama kana kwamba maneno yale ameyatunga yeye. Fundi naye akamtazama vilevile, uso mkavu, mpaka mume akaangalia chini. Kisha mume akauchukua mkoba wa bluu, akamshika mtoto mkono. Mtoto alifika barazani akageuka, akamtazama bibi yake, halafu mama yake. Fundi akampungia. Gari likaondoka.

Usiulize jinsi fundi alivyolia. Alilia, akanawa, akamaliza kupika.

Siku ya Krismasi walikaribisha kila aliyewasaidia. Mama Mabelo alikuja na kiti chake kichwani, maana alikuwa ameshaambiwa hali ya viti. Alipoziona tai alinyamaza, jambo ambalo sokoni hakuna aliyewahi kulishuhudia, kisha akaanza kuwaonyesha wageni zipi zimetoka kwenye belo gani. Daktari alikuja na jaketi lenye zipu mpya, akaukagua mti, akakaza waya mmoja kwa kidole. Majirani wawili walioingia kuazima chumvi hawakutoka. Mama mkwe alikaa chini ya ubavu wa mwavuli mkubwa akisimulia habari za dirishani, na vicheko vilisikika hadi barabarani.

Saa tisa gari la wifi likasimama nje. Wa kwanza kushuka alikuwa mtoto, nyuma yake wakafuata watoto watatu wa shangazi yake. Aliingia mbio, akawasukuma watu kwa viwiko mpaka mbele ya mti, akaugeukia umati wake.

"Haya. Nani alisema naongopa?"

Akaushika ule mti, akauvuta kwa tahadhari hadi dirishani na kurudi, vifungo vikigongana, na wale binamu wakaufuata midomo wazi. Ilijulikana baadaye kwamba kule kwa baba yake walikuwa wameanza kuucheka mti wa mama yake mezani, mbele yake. Alikuwa amekataa kula. Alisema mti wao unatembea na huo wa hapo hauwezi hata kusogea, na akaendelea kusema hivyo mpaka shangazi yake akachoka, akatafuta funguo za gari.

Wifi mwenyewe alikuwa amesimama kizingitini na viatu vyake virefu. Hakuingia, hakuondoka. Fundi akamwendea.

"Kumbe umeweza, wifi," akasema dada wa mume, kwa sauti ile ile ya upole.

"Sikuwa mgonjwa," fundi akamjibu. Akamwachia nafasi ya kupita. "Karibu ndani. Viti havifanani, kaa popote."

Wifi akavua viatu, akaingia. Alipewa ndoo iliyogeuzwa, akaikalia, akala. Baada ya muda akanyoosha mkono akaishika lesi ya pazia, akauliza imetoka wapi. Alipoambiwa ni gauni la harusi, akaiachia polepole, halafu akaishika tena.

Jioni ilipokaribia aliwakusanya watoto wake. Akamwita na mtoto wa fundi, akamkumbusha kwamba nguo zake bado ziko kwa baba na kitanda chake kimetandikwa. Mtoto alikuwa sakafuni, akimwonyesha bibi yake tai ya mbwa ambayo uzi wake ulikuwa umefumuka.

"Nguo baba ataleta," alisema, bila kuinua kichwa. "Bibi, sindano iko wapi?"