Seva Iliyoamkia Wazee

Violeth alitundika mkoba nyuma ya kiti, akaipa seva ya viwanja swali lile lile la jana: kiwanja namba kumi, kitalu cha pili, ni cha nani? Seva ikajibu baada ya dakika mbili na nusu. Tangu Jumatatu alikuwa ameiongezea kumbukumbu, amebadili diski, amezima kila programu isiyo na kazi, na baada ya kila badiliko akapima upya. Dakika mbili na nusu, kana kwamba imeapa.

Mkurugenzi, Bwana Octavian, alitaka sekunde moja kabla ya Ijumaa, ofisi isije ikaaibika mbele ya wageni.

"Ikishindikana, futa yale maombi ya zamani ya viwanja," alisema. "Yanajaza nafasi tu."

Violeth hakuwa mtu wa kufuta asichokijua. Akaingia chumba cha seva, akaweka sikio kwenye bati la kasha lake. Chini ya mvumo wa feni, seva ilikuwa inaamkia watu.

"Shikamoo, mzee Silvano."

"Marahaba. Za huko?"

"Nzuri. Kibakwe mvua zimenyesha?"

Kisha bibi Evelina wa Busi, kisha mwingine, na mwingine. Kila ilipotafuta kiwanja, seva ilipita kwenye maombi yote ambayo hayajawahi kujibiwa. Waombaji walikuwa wamezeekea humo, wengine wamefia humo, na mashine iliyokulia Dodoma haiwezi kumpita mtu mzima kimya kimya. Mvumilivu hula mbivu, lakini hizi zilishaozea mtini. Violeth alipandwa na hasira, akarudi mezani.

"Siwafuti," alimwambia Castory, fundi mwenzake. "Wajibiwe."

"Dada, nani atawajibu?"

"Kwanza watoke humo."

Akatengeneza faharasa, ili seva iende moja kwa moja kwenye kiwanja kinachoulizwa bila kupita kwa kila mwombaji. Akapima. Chini ya sekunde moja. Akapima tena, ikawa vile vile.

Kwa kuwa hakukuwa na wa kuwaamkia tena, wazee walitoka. Wakakaa kwenye mabenchi ya korido, marehemu wakiwaachia walio hai upande wenye jua. Mhudumu, Mwanaidi, akaongeza maji kwenye birika la chai.

Violeth akagonga mlango wa mkurugenzi.

"Bosi, yale maombi ya zamani yamekuja yenyewe."

Bwana Octavian akatoka, akawaamkia wote kwa adabu, akawashika mikono.

"Suala lenu linashughulikiwa," akasema, akarudi ndani.

Ijumaa wageni waliisifu kasi ya seva, nao wakaliamkia kila benchi wakielekea kwenye soda.

Violeth hakukata tamaa. Kila asubuhi huanzia mwanzo wa korido. Humwamkia kila mmoja, humuuliza hali na mvua, kisha namba ya ombi lake. Namba hizo huzipeleka mezani kwa mkurugenzi, huzikuta za jana palepale zilipoachwa, naye huziweka mpya juu yake.

Leo Bwana Octavian amemwita Castory. Seva haina shida, amesema, ila Violeth anachelewa mno kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake. Akachunguze kinachomkwamisha.

Castory ametoka kwenda kuchunguza. Bado yuko benchi la kwanza, kwa mzee Silvano.